Mguu Uliotangulia Butiama

"Kunjua, Ursula! Nakuomba, kunjua goti!"

Dafroza alikuwa uani anapara magamba ya sato. Kisu kikasimama katikati ya samaki. Mumewe, Machage, alikuwa chumbani peke yake, amejikomelea kwa ndani, saa tisa ya mchana, jua la Musoma linakaanga mabati. Na mke wake haitwi Ursula.

Akaenda mlangoni na kisu chake mkononi.

"Baba Bhoke, fungua."

"Nimelala."

"Umelala na nani?"

"Dafroza, tafadhali. Mguu umenishika."

"Mguu upi?"

"Wa kushoto."

"Wa kushoto haupo!"

"Najua haupo. Ndio unaouma."

Msicheke, ni kweli tupu. Machage alikatwa mguu wa kushoto, juu ya goti, mwaka themanini na nne. Alikuwa utingo wa lori la pamba, na enzi zile tairi jipya lilikuwa linasikika redioni tu. Malori yalitembea na tairi vipara. Moja likapasuka karibu na Bunda, lori likalala ubavu, na mguu wa Machage ukawa chini yake. Sasa ni mwaka tisini na nne. Ni fundi redio wa kutegemewa hapa mjini. Dafroza, binti wa Kibara, alimkuta hivyo hivyo na mkongojo wake, akampenda hivyo hivyo, wakafunga ndoa kanisani, wakazaa Bhoke na mdogo wake.

Lakini kwa miaka sita ya ndoa, mguu ule usiokuwepo ukianza kuuma, Machage alijifungia. Hakuwahi kumwambia mkewe unauma wapi wala unaumaje. "Wewe huwezi kuelewa," basi, mlango pwaa! Dafroza akavumilia, akajiambia kila mwanaume ana siri yake. Ila leo siri imetajwa jina, na jina lenyewe ni la kike.

"Ursula ni nani?"

Kitanda kikalia, mlango haukufunguka.

"Nimekuuliza, Machage! Ursula ni nani?"

Siku Dafroza akimwita mumewe kwa jina, hata kuku walitoka uani wenyewe.

"Nilikuwa naweweseka, mama."

"Mimi nikiweweseka namwita Yesu. Wewe unamwita Ursula akunjue goti! Goti la nani, lake au lako?"

Sato yule aliungua jioni ile na hakuna aliyethubutu kusema.

Kesho yake Dafroza alikuwa kwenye meza yake pale Mwigobero, kando ya ziwa, anauza mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu ya kupeleka Ulaya. Meza ya jirani alikuwa Jeska, rafiki yake, mwanamke ambaye habari ikimfikia haiwezi kulala.

"Jeska, unamjuaga mwanamke anaitwa Ursula?"

"Ursula yupi? Parokia nzima imejaa kina Ursula." Jeska akamtazama vizuri. "Eti, Baba Bhoke anaendaga wapi Jumamosi?"

"Bunda. Anafuata vipuri vya redio."

Jeska akapangusa mikono kwenye aproni. Akishapangusa mikono ujue kuna jambo.

"Mwenzangu, mimi sipendagi umbea."

"Sema."

"Mdogo wangu anapakia watu kwa baiskeli pale Kiabakari. Anasema yule fundi wa mkongojo hafikagi Bunda. Anashukia pale, anapakiwa mpaka Butiama, kwa mjane mmoja anakaa na kaka yake. Anarudi jioni. Mara nne sasa."

"Mjane anaitwaje?"

"Sikuuliza." Jeska akainama kupanga vichwa vya samaki vilivyokuwa vimeshapangwa. "Lakini wewe si ndio umekuja na jina?"

Dafroza akafunika mapanki yake kwa gunia. Hakuuza tena siku ile. Alirudi nyumbani mume akiwa kazini, akapekua. Akapekua mifuko ya suruali, chini ya godoro, nyuma ya picha ya Bikira Maria, Mungu amsamehe. Mwisho akaligeuza kasha tupu la redio ya zamani lililokaa juu ya kabati, likadondosha barua.

"Machage, Jumamosi njoo mapema. Kaka Magige na mkewe watakuwa mnadani, watarudi jioni. Njoo peke yako, mtu asijue. Safari hii tumalize, maana nimechoka kuishi hivi. Wako, Ursula."

Aliisoma mara tatu. Mara ya kwanza alisoma yote. Mara ya pili alisoma "peke yako." Mara ya tatu alisoma "wako" tu, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Watu husema wivu ni ugonjwa. Sawa, ni ugonjwa, lakini na wewe ungeipata barua ile ungelazwa.

Akairudisha palepale kwenye kasha. Siku tatu nzima alimpikia mumewe vizuri, na Machage, masikini, akadhani yameisha.

Jumamosi asubuhi:

"Mama Bhoke, naenda Bunda mara moja."

"Safari njema, baba. Msalimie Bunda."

Alipopotea kona tu, Dafroza akaoga, akavaa doti yake mpya ya kanga, moja kiunoni, nyingine mabegani. Alikuwa amejinunulia Pasaka. Siku hizi nguo zimejaa madukani, ni fedha tu hazionekani. Huwezi kwenda kumkabili hawara ukinuka mapanki. Watoto akawaacha kwa Jeska.

"Nikuje na wewe?" Jeska aliuliza, macho yanang'aa.

"Kaa. Hii ni ndoa yangu, si yako."

Gari la samaki likamshusha Kiabakari. Mdogo wake Jeska akampakia kwenye baiskeli mpaka Butiama, hakuuliza kitu, akamwonyesha nyumba ya bati kuukuu yenye ua wa minyaa. Mbele hapakuwa na mtu. Sauti zilitoka nyuma, kwenye shamba la mihogo.

"Polepole, Ursula. Usije ukauvunja." Sauti ya mumewe.

"Nimeufikia. Sogea uone."

Njia nzima Dafroza alikuwa amepanga maneno. Alikuwa na maneno ya kitandani, maneno ya jikoni, hata ya kuwakuta wamekaa kivulini wanakula muhogo. Akazunguka nyumba kwa kasi, mdomo umeshafunguka.

Akakuta shimo.

Mwanamke mwembamba, mweusi, wa umri wake, alikuwa amesimama ndani ya shimo, udongo mpaka magotini, jembe mkononi. Machage alikuwa amekaa chini pembeni, mkongojo kando, anafukua kwa mikono. Wote wawili wakageuka wakaganda.

"Mnazika nini?" Ndilo neno pekee lililotoka.

"Hatuziki," Machage alisema. "Tunafukua."

"Mnafukua nini?"

Machage akainamisha kichwa. "Mguu wangu."

"Karibu, Mama Bhoke," mwanamke alisema kwa heshima. "Mimi ndiye Ursula."

"Usinikaribishe! Tangu lini mtu akakaribishwa kwa mume wake mwenyewe?"

"Dafroza, sikiliza kwanza."

"Nakusikiliza miaka sita, Machage, husemi! Leo ndio unataka kusikilizwa?"

Ursula akaweka jembe chini. "Acha niseme mimi, maana kosa ni langu. Nilikuwa mchumba wake. Ng'ombe walikuwa wameshafika nusu. Alipopata ajali mimi ndiye niliyekuwa hospitali. Unaukumbuka mwaka ule, dada yangu? Pamba ulete mwenyewe, bandeji ulete mwenyewe, spiriti ukaitafute kwa magendo. Walipomkata, wakanikabidhi mguu umefungwa kwenye gunia. Nikaupeleka kwao ukazikwe. Ndugu zake wakakataa katakata. Wakasema kiungo cha mtu aliye hai hakizikwi kwenye boma, kitamwita mwenyewe akifuate."

"Kwa hiyo ukauleta kwako."

"Ningeutupa? Nikauvika kitenge changu, ndicho pekee nilichokuwa nacho, cha kuagia wazazi siku ya harusi. Nikachimba peke yangu. Ilikuwa kiangazi, ardhi haikatiki. Shimo likatoka fupi, mguu ni mrefu. Baba ananiita. Nikaukunja goti, nikausukuma ndani, nikafukia." Akajifuta uso, akabaki na tope shavuni. "Mwezi uleule baba akarudisha ng'ombe. Akasema hatoi binti kwa nusu mtu. Nikaolewa kwingine, mume akafa, nikarudi hapa kwa kaka."

"Na mimi kila ukinishika," Machage akadakia, hamtazami mkewe, "goti linakuwa limekunjwa. Kisigino kimegandamizwa kwenye paja, hakinyooki, mpaka nataka kulia. Nikamkuta mvuvi mmoja Mugango, mamba alimkata mkono. Akasema mkono wake ulipatikana ukazikwa umefumba ngumi, akateseka, mpaka walipoufukua wakaunyoosha vidole. Ndio nikaja kumuuliza Ursula aliuwekaje. Akaniambia aliukunja."

Hapo ndipo ungetegemea mke apoe. Lakini Dafroza alikuwa Dafroza.

"Leo ni mara ya tano, Machage. Ulikuja kuuliza swali moja mara nne?"

Machage akaendelea kufukua kwa vidole.

"Mara nne! Jibu lilikuwa refu kiasi gani?"

"Mara ya kwanza nilikuja kuuliza," alisema taratibu. "Hizo nyingine... tulimsubiri kaka yake asiwepo, maana hataki tuguse. Lakini nitakuwa mwongo. Nilikujaga kukaa."

"Kukaa?"

"Kukaa na mtu aliyeniona nikikimbia. Wewe hujawahi kuniona, Dafroza. Umeniona na mkongojo tu."

Afadhali angempiga kofi. Dafroza alimgeukia Ursula.

"Amekugusa?"

"Hajanigusa." Ursula alimtazama usoni. "Na si kwamba mimi nilikataa. Yeye ndiye aliyekuwa anaaga mapema. Anasema Bhoke hulala akimsubiri."

Dafroza akachota bonge la udongo akamrushia. Likampata begani. Ursula hakukwepa wala hakurudisha.

"Unathubutu! Unathubutu kuniambia hivyo nimesimama hapa!"

"Umeuliza, nimekujibu. Nimechoka, mama. Miaka kumi kipande hiki sikilimi. Miaka kumi nalinda kaburi la mtu anayetembea. Kaka yangu anamcheka, anasema huyo bwana mguu ulishatangulia huku, siku akifa lazima mwili uufuate, na wewe Ursula ndiye utakayekaa matanga. Nilitaka leo tuunyooshe, tuufukie, nipumzike."

Maneno yale ya Magige yalimwingia Dafroza kuliko yote. Maana kwao na kwa kina Machage jambo hili ni moja: mtu ni wa pale alipozikwa. Unaweza kuishi na mume miaka hamsini, ukamzalia, ukampikia, lakini aliye na kaburi ndiye mwenye mume. Na huyu mwanamke, hata pete hana, alikuwa na kaburi tayari.

"Toka humo," alisema.

"Mama Bhoke..."

"Toka kwenye shimo! Mguu wa mume wangu haunyooshwi na mwanamke mwingine."

Ursula akatoka. Dafroza akavua ndala, akaingia na kanga yake mpya, akapiga magoti kwenye tope. Kitenge kilikuwa kimeoza, kimebaki matambara ya njano yaliyokwama kwenye mifupa. Lakini ilionekana wazi kilivyofungwa, mikunjo mitatu, na fundo moja dogo la uangalifu. Goti lilikuwa limekunjwa kabisa. Aliyeufunga mguu ule alikuwa anapenda, hapakuwa na haja ya kuuliza mtu. Dafroza akabaki ameushika.

"Ulikuwaje?" aliuliza bila kugeuka.

"Nini?"

"Mguu. Ulikuwaje? Wewe ulimwona nao. Niambie."

Ursula akamtazama Machage. Machage akageukia mihogo.

"Ulikuwa mrefu," Ursula alisema. "Mbele hapa kwenye muundi kulikuwa na kovu, alipigwa teke na ndama akiwa mdogo. Dole gumba lilikuwa limepinda nje kidogo, viatu vyote vilitobokaga hapohapo. Na kwenye ngoma ndio aliokuwa anautanguliza. Akiupiga chini, njuga zinalia mpaka wazee wanasimama."

Machozi yalikuwa yanamdondoka Dafroza kwenye mifupa. Alikuwa anasikiliza mume wake akisimuliwa na mtu mwingine, na kila neno alilitaka na kila neno lilimchoma.

"Basi. Inatosha. Usiniambie tena." Akavua kanga ya mabegani, akaitandika. "Huu unaenda nyumbani."

"Dafroza!" Machage alishtuka. "Ndugu zangu walisema ukizikwa nyumbani utaniita niufuate."

"Na uite! Ukikuita, ukuitie kwangu! Ulitaka ukuitie huku?"

Machage alisota kwa makalio mpaka ukingoni, akanyoosha mkono kumsaidia mkewe kukusanya.

Walipomaliza, Dafroza aliingia ndani kwa Ursula, akaomba nguo yoyote ya kujifunga, akapewa shuka kuukuu. Akaikunja ile kanga ya kiunoni, ya pili ya doti, tope na yote, akamkabidhi Ursula mkononi.

"Hiyo badala ya kitenge chako. Sitaki Baba Bhoke aje aseme alistiriwa na mtu, naye akamwacha uchi."

Ursula akaipokea kwa mikono miwili. Hawakukumbatiana. Dafroza alifika kwenye minyaa, akasimama.

"Ulimfunga vizuri," alisema, na akaondoka kabla hajasikia jibu.

Kwenye basi la kurudi Musoma kondakta aliuona mzigo mapajani mwake.

"Mama, hao samaki wapande juu, wataninukia abiria."

"Si samaki. Ni mume wangu."

Kondakta akamtazama Machage aliyekaa pembeni, kimya, kama mtoto aliyetoka kuchapwa. "Na huyu je?"

"Na huyu pia. Ila nauli ni ya mtu mmoja."

Machage alianza kucheka kabla ya wote. Alicheka mpaka akashika dirisha. Dafroza hakucheka, alikuwa bado na hasira zake na alizitaka.

Jumapili baada ya misa wakachimba kwenye kiwanja cha nyumba yao, Bweri. Dafroza hakukubali shimo la kukisia.

"Lala chini nikupime."

"Mama Bhoke, majirani wanaona."

"Walikuona ukienda Butiama? Lala."

Akalala kwenye vumbi na suruali yake ya kanisani. Dafroza akapima kwa mguu wa kulia, kutoka paja mpaka kisigino, akaongeza shubiri mbili. Majirani wakatoka kwenye nyua kumtazama fundi redio akipimwa kaburi akiwa hai, na Jeska akafika mbio kuliko wote. Mguu ukalazwa umenyooka, vidole juu, ndani ya kanga. Dafroza akafukia mwenyewe.

Siku nne Machage hakuumwa. Alipiga miluzi akitengeneza redio za watu, akanunua nyama. Dafroza akaanza kuamini.

Siku ya tano, alasiri, alimwona pale nyumbani ameacha chuma cha kuchomea waya, uso umemjaa jasho. Alimtazama mkewe kwa hofu, na Dafroza akajua anaogopa nini. Anaogopa kusema umerudi, mke asije akadhani anatafuta sababu ya Butiama.

"Umerudi?" akamuuliza yeye.

"Umerudi."

"Umekunjwa?"

"Hapana. Goti limenyooka, haliumi kabisa. Ni..." Dafroza aliliona lile neno linakuja, lile la kwamba hawezi kuelewa, na moyo ukaanza kujifunga.

"Ni kisigino," Machage alisema. "Kinawaka moto."

Dafroza akatandika mkeka, akamlaza, akakaa mwishoni kabisa, pale ambapo mguu ungeishia.

"Nionyeshe."

"Hakuna kitu hapo, mama. Utashika mkeka mtupu."

"Nimesema nionyeshe!"

"Kushoto kidogo. Shuka. Hapana, umepita... hapo."

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Akaanza kusugua. Alisugua mkeka kwa viganja vyote viwili, vile vya kupara samaki, na Machage akashusha pumzi ndefu, bega moja likalegea, kisha la pili.

"Na Ursula," Dafroza alisema, macho yakiwa kwenye mkeka, "ulimwambiaga hivi? Kwamba ni hapa?"

"Goti tu, aliponiambia alivyoliweka. Hivi sijawahi kumwambia mtu."

"Apa."

"Haki ya Mungu, Dafroza. Hivi ni wewe wa kwanza."

Dafroza akavuta kamasi, akajisogeza karibu.

"Haya, sema vizuri. Nibonyeze au nisugue?"

"Bonyeza," Machage alisema, amefumba macho.

Akabonyeza.